Aliyemwaga kifusi akitoe mwenyewe

(Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wa vikundi vya mikoko na wavuvi hapa Mikindani, Mombasa. Wengi mliokosa mliniomba niyaandike, kwa hivyo nimeyaacha karibu na vile yalivyotoka mdomoni.)

Asalaam aleikum, na ndugu zangu wa Bwana asifiwe nawasalimu pia. Wazee wangu wa BMU, yaani kamati za wavuvi za kusimamia fukwe, mama zangu wa kaa na chaza, vijana wa mikoko, mzee wa mtaa, na nyinyi mliotoka Junda na Jomvu Kuu mkaja na jua hili lote, shukran sana.

Nimeambiwa niongee juu ya sheria na hawa watu wanaotujazia kifusi mkono wetu wa bahari, huu wa Tudor. Nitaongea hilo, lakini nataka nianzie mbali kidogo, California kule Marekani, kwa wakulima wa zabibu. Najua kuna mtu hapo nyuma anajiuliza zabibu na Mikindani wapi na wapi, sisi zabibu tunazijua za Marikiti tu, tena ghali. Na wengi wetu hapa mvinyo hatunywi, na mimi sikuja kuongea mvinyo. Nakuja kuongea mlima na mto, na udongo ukitoka mlimani kuingia kwenye maji unafanya nini, na serikali inafaa imfanyie nini aliyeutoa. Nivumilieni, mtaona inafika hapa hapa.

Kaskazini ya mji wa San Francisco kuna kaunti zinaitwa Napa, Sonoma na Mendocino. Ni vilima na mabonde, na zabibu za mvinyo zinazotoka huko zina bei sana, hasa zile za milimani. Sasa mtu akiwa na pesa ananunua mlima. Analeta tinga tinga, anang'oa miti yote, halafu analeta ile mashine yenye meno marefu ya chuma inayopasua ardhi mpaka chini kabisa ili mizizi ya mizabibu ishuke. Anakata barabara kuzunguka mlima. Penye chemchemi au tope anachimbia mabomba ardhi ikauke. Na vile vijito vidogo, vile ambavyo kiangazi havina maji kabisa ukipita unaona ni mtaro tu, anavifukia, apande mizabibu juu yake. Mtu asiyejua akipita pale anaona maendeleo, mistari imenyooka, kijani kizuri, anapiga na picha.

Halafu mvua inakuja. Kule mvua ni za msimu wa baridi, zikija zinakuja kwa nguvu, na mlima hauna tena mizizi ya kushika kitu. Udongo wote ule uliolegezwa unashuka, unaingia kijito, kijito kinaingia mto.

Kuna samaki kule anaitwa coho, ni jamii ya samoni. Huyu anazaliwa mtoni, anashuka baharini kukua, na akikomaa anapanda tena mto kuja kutaga. Mayai yake anayafukia chini ya kokoto, na yale mayai yanaishi kwa sababu maji safi yanapita kati ya kokoto na kuyaletea hewa. Sasa tope laini likija linajaza zile nafasi kati ya kokoto. Maji hayapiti. Mayai yanakufa pale pale chini, na juu ukiangalia mto unaona uko sawa tu, maji yanapita, hakuna samaki anayeelea, hakuna harufu, hakuna sumu. Hii ndio sehemu nataka muishike vizuri. Aliyeua hakumwaga sumu, alimwaga udongo tu, na ukimuuliza atakwambia udongo ni kitu cha asili, udongo una ubaya gani? Coho wa pwani ya kati ya California mwaka 1996 walitiwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na 2005 hali ilivyozidi kuwa mbaya wakapandishwa daraja la walio karibu kwisha kabisa. Mizabibu peke yake haikufanya hivyo, kuna mabwawa, kuna ukataji wa magogo wa miaka mingi, kuna miji. Lakini udongo wa mlimani umo ndani.

Sasa wazee wangu, nani hapa anakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 98? Naona mikono. Basi mnakumbuka Mwache ilikuwaje kule upande wa Port Reitz. Maji yalishuka na udongo wa bara wote ule, mashamba yaliyokuwa yameachwa wazi, vilima vilivyokuwa vimekatwa miti, ukaja ukatua kwenye mikoko. Mkoko unapumua kwa mizizi yake ya juu, ile mnayojikwaa nayo mkiokota kaa. Tope likiifunika, mti unakosa hewa. Mikoko ya Mwache ilikufa ikiwa imesimama, sehemu kubwa, na hakuna aliyemwaga sumu pale. Ni udongo. Kule unaziba kokoto hapa unaziba mizizi, na kilichokufa kinakufa kwa kukosa pumzi. Kwa hivyo mtu akija kuwaambia ooh mimi sijachafua maji, mimi nimemwaga mchanga na mawe tu, hakuna kemikali, mjibuni na Mwache.

Na tofauti ni moja, El Niño hatuna wa kumshtaki, lakini lori linalokuja usiku lina namba.

Turudi California. Wale watu walifanya nini? Napa mwaka 1989 mvua ilishusha udongo wa shamba la mlimani mpaka kwenye bwawa la Bell Canyon, na bwawa lile ndio maji ya kunywa ya mji wa St. Helena. Hapo ndipo watu walipoamka, samaki peke yao walikuwa hawajawaamsha, tuseme ukweli. Mwaka 1991 kaunti ya Napa ikapitisha sheria yake ya vilima. Ukitaka kulima penye mwinuko lazima ulete kwanza mpango wa kuzuia mmomonyoko, ukaguliwe. Na lazima ukae mbali na kijito, futi 35 mpaka 150, yaani kama mita 10 mpaka 45, na kadri mlima unavyosimama ndivyo unavyosukumwa mbali zaidi. Hiyo ni akili nzuri sana naipenda, kwa sababu haisemi namba moja kwa watu wote, inaangalia ardhi yenyewe. Sonoma nayo ikaja na yake mwaka 2000.

Lakini sheria ya kuzuia kuna watu wataivunja tu, tena kwa makusudi, kwa sababu kungoja kibali ni hasara na tinga tinga inakodishwa kwa saa. Ndio unaingia upande wa kuadhibu, na hapa nataka tukae kidogo.

Sheria ya maji ya California ina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya siku. Umeingiza uchafu kwenye maji bila kibali, unaweza kutozwa mpaka dola 10,000 kwa kila siku kosa lako linaendelea, hiyo kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi milioni 1 kila kukicha. Ya pili ni ya ujazo, mpaka dola 10 kwa kila galoni iliyomwagika ukishavuka galoni 1,000 ambazo hazijasafishwa. Na hapo udongo uliotoka na maji ya mvua unahesabiwa ni uchafu kama uchafu mwingine. Angalieni hiyo hesabu ya siku inafanya nini. Mtu akijua kila siku anayochelewa inamgharimu, hata wakili wake atamwambia bwana wewe safisha tuongee baadaye. Faini ya mara moja haifanyi hivyo. Faini ya mara moja unalipa unaendelea.

Mwaka 2019 kampuni moja inaitwa Rhys Vineyards ilikubali kulipa dola milioni 3.76 kwa sababu ya shamba ililolitengeneza kaunti ya Mendocino, kwenye vyanzo vya mto Eel, ikaharibu vijito na ardhi oevu bila vibali. Kwa pesa zetu za wakati ule ni karibu shilingi milioni 390. Na kesi ile haikuendeshwa na ofisi moja. Bodi ya maji ya jimbo, bodi ya maji ya kanda ile ya kaskazini, na idara ya samaki na wanyamapori, wote walikaa meza moja wakaja na mkono mmoja. Hakuna mtu aliyeambiwa hii si kazi yetu nenda ofisi ya pili, na ile ofisi ya pili imwambie nenda ya tatu, na ya tatu imwambie arudi kwa ya kwanza. Mama zangu mnajua ninachosema, nyinyi ndio mmepanda zile ngazi.

Lakini zaidi ya pesa, kitu ninachotaka tujifunze kule ni ile amri yenyewe. Kuna karatasi inaitwa amri ya kusafisha na kukomesha. Bodi ya maji inamwandikia mwenye shamba kwamba wewe, kwa mfuko wako, utatoa ule udongo, utafungua kile kijito ulichofukia, utarudisha kingo zake, utapanda miti ya asili ya pale, na utaleta mpango ulioandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa, na sisi tutaupitisha au tutaukataa, na baada ya kazi utaleta ripoti kwa miaka kadhaa kuonyesha miti imeshika au imekufa. Ikifa unapanda tena. Faini inakuja juu ya hiyo, faini haifuti hiyo.

Hapa kwetu mara nyingi ni kinyume. Kuna mahali upande huu huu, sitataja jina wala kampuni kwa sababu sikuja kuwatafutia watu kesi, mnapajua. Malori yanakuja usiku yanamwaga kifusi cha majumba yaliyobomolewa, vyuma ndani, vigae ndani, kinasukumwa ndani ya mikoko. Watu wakalalamika, maafisa wakaja, kazi ikasimama, tukasikia wamepigwa faini, tukafurahi. Halafu malori yakarudi. Na hata yasingerudi, kile kifusi kiko pale mpaka leo! Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yalikuwa yanapanda mpaka kwenye mchu, ile aina ya mikoko ya nyuma, siku hizi hayafiki, na michu inakauka mmoja mmoja. Ile faini imefanya nini kwa ule mchu? Imeingia hazina ya serikali, na mwenye ploti amepata ardhi mpya ambayo jana ilikuwa bahari. Ukiangalia bei ya kipande kinachopakana na maji Mombasa hii, faini ya shilingi milioni 2 au 4 kwake ni gharama ya kawaida, anaiweka kwenye bajeti pamoja na saruji na nondo.

Kwa hivyo mimi leo sikuja kuomba faini kubwa. Nataka aliyemwaga kifusi akitoe mwenyewe, kwa pesa yake, mpaka maji yapite tena, na asiruhusiwe kujenga hata choo mpaka hapo.

Na msidanganywe kwamba sheria hiyo hatuna. Tunayo, tena imekaa vizuri. EMCA, ile sheria ya mazingira ya 1999, kifungu cha 108 kinampa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nguvu ya kutoa amri ya kurudisha mazingira yalivyokuwa. Kifungu cha 111 kinaipa mahakama nguvu hiyo hiyo. Mtu akipewa amri akakaidi, NEMA inaweza kuingia na wafanyakazi wake ikafanya ile kazi halafu ikamdai gharama kama deni. Kifungu cha 142 kinasema mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kuchafua, juu ya adhabu inaweza kumwamuru alipe gharama yote ya kusafisha. Kifungu cha 42 kinakataza kuchimba, kukausha, kujenga au kutupa kitu mtoni, ziwani, baharini au kwenye ardhi oevu bila idhini. Kingo za mto zina kanuni zake, mita 6 mpaka 30 kila upande kupimwa toka pale mafuriko yalipowahi kufika. Na mikoko yetu yote ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, babu zetu wakiwa hai, kwa hivyo hata mtu akija na hati inayoonyesha bikoni zake ziko katikati ya mikoko, swali la kwanza ni nani alimpa na alikuwa na haki gani ya kumpa.

Halafu katiba. Hii ya 2010. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema unaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, na hapa sikilizeni sana, huhitaji kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Kijana wa Changamwe ambaye hajawahi kuvua hata kamba mmoja anaweza kushtaki kwa ajili ya mikoko ya Tudor. Wale wanaowaambia vijana nyinyi si wavuvi hili haliwahusu, wanawaongopea.

Na msiseme haya ni ya vitabuni, mnaishi jirani na Owino Uhuru. Mnajua ile kesi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido na watu wa mtaa ule walianza bila chochote, wakatishwa, wakakamatwa, na 2015 dunia ikampa Phyllis tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na katika waliobebeshwa lawama walikuwemo mpaka NEMA wenyewe kwa kutofanya kazi yao. Mahakama ya rufaa ikaivuruga 2023. Desemba 2024 mahakama ya juu ikairudisha ile bilioni 1.3. Wengi wanakumbuka pesa tu. Mimi nakumbuka sehemu nyingine ya hukumu ya 2020, jaji aliamuru udongo na maji ya pale yasafishwe ndani ya miezi 4, na wasiposafisha zilipwe shilingi milioni 700 za kufanya hiyo kazi. Yaani mahakama iliona kwamba kumlipa mtu na kumwacha juu ya udongo ule ule wenye risasi si haki iliyokamilika. Ni jambo lile lile la mlima wa Mendocino. Na ni hapa, Jomvu, unaweza kutembea kwa miguu.

Uchungu wake ni muda. Miaka 10 toka kiwanda kufungwa mpaka hukumu ya mwisho, na kuna waliozikwa katikati. Ndio maana mimi nasema tusingoje kuharibiwa ndio twende kortini.

Kuna kisa kingine cha California ambacho kinanikaa sana moyoni na hiki hakina hata mvunja sheria ndani yake. Sisi hapa baridi ile hatuijui, lakini kule majira ya kuchipua, Machi na Aprili, kuna alfajiri barafu inashuka inaunguza machipukizi ya mizabibu. Mkulima anachofanya anawasha mitambo ya kunyunyiza maji, maji yanaganda juu ya chipukizi na yanapoganda yanalinda lisipoe zaidi ya pale. Ni ufundi mzuri tu. Shida ni kwamba baridi ikishuka inashuka kwa wote, kwa hivyo pampu zote za bonde zinawashwa saa ile ile moja ya alfajiri, na kila pampu inavuta kwenye kijito kile kile au visima vya pembeni yake. Aprili 2008 maji ya kijito kinaitwa Felta na ya mto Russian yalishuka ghafla, na vifaranga vya samoni vikabaki juu ya kokoto kavu, vikafa. Hakuna mkulima mmoja uliyeweza kumshika ukasema huyu ndiye. Kila mmoja alivuta kidogo, na wengi walikuwa na haki yao ya maji kabisa.

Bodi ya maji ikatunga kanuni 2011, kwamba anayetaka kunyunyiza wakati wa barafu lazima awe ndani ya mpango wa pamoja, maji yapimwe, mtambue mto unashuka kiasi gani na mkirekebisha mrekebishe pamoja. Wakulima wakaenda kortini, wakashinda mwanzo, halafu 2014 mahakama ya rufaa ikasema bodi ina nguvu hiyo, hata juu ya mtu mwenye haki yake ya maji, kama matumizi yake yakijumlishwa na ya wenzake yanaua samaki.

Sasa chukueni hiyo mlete Tudor. Huyu amejaza mita chache za nyuma ya nyumba yake. Yule ameweka ukuta wa mawe. Mwingine ametengeneza njia ya lori. Wa nne ameelekeza choo chake. Kila mmoja ukimwendea anakwambia mimi kipande changu ni kidogo, na ni kweli ni kidogo, na kila ripoti ya EIA, ile tathmini ya athari za mradi kwa mazingira, inayoandikwa inaandikwa kama vile mradi huo uko peke yake duniani. Lakini mkono wa bahari ni mmoja, mito yake ya Kombeni na Tsalu inakuja na udongo wake kutoka bara, na huku mdomoni tunaubana. Tunataka kaunti na NEMA wahesabu jumla. Kabla ya kibali kipya waonyeshe ramani ya vyote vilivyojazwa tayari. Na tunataka vibali vya kuchimba ardhi kandokando ya maji viseme wazi kazi isimame kabla ya masika na kabla ya vuli, ardhi isiachwe wazi mvua inapoingia. Hili halihitaji bunge. Ni sharti la mstari mmoja kwenye leseni.

Nisiwapambie California nayo. Coho wale hawajarudi kama zamani, sheria nyingi zilikuja mti umeshaanguka, na 2023 mahakama kuu kabisa ya Marekani ilipunguza ardhi oevu zinazolindwa na sheria ya taifa zima. Kilichowasaidia California ni kwamba jimbo lilikuwa na sheria yake ya maji tangu 1969, ikabaki imesimama. Ndio maana mimi nasema tusiweke mayai yote NEMA. Kaunti ina nguvu ya mipango ya ardhi, KFS, shirika la misitu, ina mikoko, mamlaka ya maji ina mito. Tuwaandikie wote kwenye barua moja, kila mmoja aone jina la mwenzake.

Kuna mzee aliniuliza hapo awali, kijana, kifusi kikishatolewa kweli mikoko itarudi? Mzee wangu, swali zuri na jibu ni ndio lakini kwa mpangilio. Kosa tunaloliona kila Siku ya Mazingira ni watu kuja na tisheti na miche, wanapanda mikoko juu ya kifusi au mahali maji hayafiki, wanapiga picha wanaondoka, miezi michache miche imekufa. Kwanza maji. Toa kifusi mpaka usawa wa zamani, fungua mkondo, acha bamvua ipande na kushuka. Mbegu zinakuja zenyewe na maji. Pale zisipokuja ndio upande, na upande aina ya mahali pale, mlilana mbele kwenye maji, mkoko katikati, mchu nyuma kule juu, si kupanda mkoko kila mahali kwa sababu miche yake ni rahisi kuokota. Na maji yakifunguliwa yanafanya kazi, angalieni Makupa, pale palizibwa tangu enzi za mkoloni tukazoea, na 2022 daraja likafunguliwa na maji yakapata njia chini yake kati ya upande wa Tudor na upande wa Port Reitz.

Basi sasa kazi. Picha mnazopiga ni nzuri lakini nyingi hazifai kwa ofisi. Picha iwe na tarehe, ionyeshe namba ya lori, na ionyeshe kitu kisichohama, mnara, nguzo ya stima, msikiti, ili mtu wa Nairobi ajue ni wapi. Piga mahali pale pale maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Tafuta picha za zamani za satelaiti kwenye simu, vijana mnajua, zinaonyesha mikoko ilikuwa mpaka wapi mwaka gani, hiyo hakuna wakili wa kuipinga kirahisi. Ukiona tangazo la EIA gazetini usingoje mwenyekiti, andika maoni yako, siku zinahesabiwa. Na leseni ikitolewa mnaona haifai, rufaa kwenye baraza la taifa la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) ina siku 60, zikipita mmejifungia mlango mmoja wenyewe. Na usiende peke yako usiku kuzuia lori. Hapana. Hatutaki mtu aumie, tunataka namba.

Barua iko pale mbele mezani. Inaomba mambo matatu. Moja, NEMA itoe amri ya kurudisha mazingira chini ya kifungu cha 108 kwa ile sehemu, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Mbili, kaunti isimamishe vibali vyote vya ujenzi juu ya ardhi iliyojazwa mpaka kifusi kitoke. Tatu, ripoti za ufuatiliaji ziletwe kwa BMU na vikundi vya mikoko, zisikae ofisini. Aliyesoma akakubali atie saini na namba ya kitambulisho, asiyetaka asilazimishwe.

Na bamvua ijayo tunaenda kupima mpaka wa kifusi kwa kamba na vigingi, saa nne asubuhi maji yakiwa yamepwa, tukutane pale mwisho wa barabara ya mchanga. Mama zangu wa kaa tunawahitaji zaidi kwa sababu nyinyi ndio mnajua maji yalikuwa yanafika wapi. Mje na viatu vya tope.